Chipu Mpya, Hewa Ileile: Uchambuzi wa Bunduki ya Rangi Iliyoletwa Ngamiani

Jumamosi moja ya mwezi wa pili, kaskazi imekaza na feni ya kibandani kwangu inasukuma joto huku na huku, kijana mmoja aliegesha baiskeli mlangoni, akafungua begi, akaniwekea mezani bunduki ya rangi, ile ya mchezo wa kurushiana vipira vilivyojaa rangi.

"Shikamoo, fundi. Nimebadilisha chipu mwenyewe, sasa imekataa. Ile ya zamani ilikuwa inapiga vizuri tu."

Kazi yangu hapa Ngamiani, Tanga, ni simu, redio na bodi za majokofu. Bunduki za rangi nilikuwa nimeshafungua mbili tu kabla ya hiyo. Nimeandika kisa chote, vipimo vikiwemo, kwa sababu kosa la hatari kuliko yote lilijitokeza baada ya bunduki kupona. Ningemkabidhi jioni ile alipoanza kushangilia, ningekuwa nimemkabidhi kitu cha kumwumiza mtu.

Kijana ana uwanja wa kuchezea nje ya mji, njia ya Pangani, kwenye ardhi iliyokuwa shamba la mkonge. Watu wa maofisini huja mwisho wa wiki, na likizo zikifika huja vijana wa shule. Wanakodi bunduki na kinga ya uso, wananunua vipira, wanapigana rangi katikati ya mikonge iliyobaki. Ana bunduki sita, zote zimetumika, alizoletewa na kaka yake aliyeko Uingereza. Chipu nayo ilikuja kwenye begi la kaka huyohuyo, imechomekwa kwenye kipande cha sponji nyeusi, pamoja na karatasi moja ya maelezo.

Mchezo wenyewe si wa zamani. Ulianza tarehe 27 Juni 1981 huko Henniker, New Hampshire, Marekani, watu 12 wakitumia bastola zilizotengenezwa kwa ajili ya kutia alama miti na ng'ombe. Mpaka leo watengenezaji hawakiiti kifaa hiki bunduki, wanakiita cha kutilia alama. Sisi tuite bunduki ya rangi, maana ndivyo kila anayeingia kibandani anavyosema.

Ndani yake hakuna baruti. Kuna mtungi wa hewa, regyuleta inayopunguza shinikizo, solenoidi, yaani koili inayovuta valvu umeme ukipita, na komeo linalosukuma kipira kuingia mtutuni. Kipira kina kipenyo cha milimita 17.3 na uzito wa gramu 3 hivi. Unapovuta kifyatulio unabonyeza swichi ndogo tu, kama iliyomo kwenye kipanya cha kompyuta. Chipu inaona swichi imefunga, inaangalia kwa macho yake kama kipira kimekaa mahali pake, kisha inaipa solenoidi umeme kwa milisekunde chache na kuukata. Basi. Nguvu ya kukirusha kipira iko kwenye hewa. Chipu inahesabu muda.

Kijana alikuwa ameambiwa kwamba chipu mpya "inaongeza nguvu". Nilimsahihisha palepale mezani, na nilikuwa sahihi kwa upande mmoja tu, kama nitakavyoeleza.

Nilipoiwasha mara ya kwanza, taa iliwaka kijani, kisha ikaanza kupepesa njano. Karatasi ilisema njano inayopepesa maana yake macho hayasomi. Nikavuta kifyatulio bila kipira na bila hewa: solenoidi ikalia tak, taa ikazimika, ikawaka tena yenyewe kama simu inayojizima na kujiwasha. Nikavuta tena, hali ileile. Kwa hiyo nilikuwa na dalili mbili ambazo huenda zilikuwa na chanzo kimoja au viwili. Kijana alikuwa na hakika kwamba chipu ni mbovu na ameshapoteza pesa za kaka yake.

Nilianza na macho. Macho ya bunduki hii ni jozi: upande mmoja wa njia ya kipira kuna taa ndogo ya mwanga usioonekana kama wa rimoti ya televisheni, upande wa pili kuna kipokezi. Kipira kikikaa katikati, mwanga unakatika na chipu inajua iko tayari. Mwanga huo jicho la mtu haliuoni, lakini kamera za simu nyingi huuona, hasa ya mbele. Nikaelekeza simu kwenye tundu: kidoti cha zambarau kinang'aa. Taa ni nzima. Kipokezi nilikipima kwa mita, nikikifunika kwa kidole na kukifunua. Volti zilipanda na kushuka inavyotakiwa, na zilifika mpaka kwenye tundu la soketi ya chipu. Zilifika kwenye soketi, na chipu haikuziona.

Hapo nikaing'oa chipu. Ina miguu 18, tisa kila upande, na kidimbwi kidogo kwenye ncha moja kuonyesha mguu wa kwanza uko wapi. Kijana alikuwa ameielekeza sawasawa, kidimbwi kwa kidimbwi, na nilimpongeza, kwa sababu kuigeuza ni kuichoma. Lakini mguu mmoja haukuingia tunduni. Ulikuwa umejikunja chini ya tumbo la chipu, na ukitazama kutoka juu unaona miguu yote imesimama safi. Huo ndio uliokuwa mguu wa macho. Chipu mpya hutoka kiwandani miguu ikiwa imetanuka kidogo kuliko soketi. Inabidi kwanza uilaze ubavu kwenye meza tambarare na kuisukuma taratibu ili miguu yote ya upande huo ielekee ndani kwa pamoja, kisha ugeuze upande wa pili. Ukiisukuma kwa dole gumba moja kwa moja, mguu mmoja utajikunja tu. Nikaunyoosha kwa koleo nyembamba, mara moja, bila kurudiarudia, maana mguu wa chipu ukikunjwa mara mbili tatu unakatika. Kabla ya kuigusa nilishika bomba la maji. Unyevu wa Tanga hupunguza umemetuli, ila haufuti.

Njano ikaondoka. Kujizima kukabaki.

Kuhusu betri nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mafundi wengi hudanganywa na mita. Bunduki inatumia betri ya volti 9, ile ya mraba. Niliipima: 9.1. "Hiyo ni mpya, fundi, nimeinunua jana dukani," kijana akasema, na alisema kweli. Lakini betri za bei nafuu zilizojaa madukani kwetu ni za zinki na kaboni. Zina upinzani mkubwa wa ndani. Redio ndogo inayokunywa umeme kidogo hailalamiki. Solenoidi inavuta karibu nusu ampea kwa mkupuo mmoja. Mita ya kawaida husoma mara mbili tatu kwa sekunde, kwa hiyo mporomoko wa milisekunde 14 inaupita bila kuuona.

Nilifanya jaribio ambalo ningependa kila fundi alifanye. Chukua rezista ya omu 22 ya wati 5, iguse kwenye ncha za betri kwa sekunde mbili tu, huku mita imeunganishwa. Kwenye volti 9 hiyo inavuta ampea 0.4 hivi. Betri ya kijana ilianguka mpaka volti 4 na ushee. Betri ya alkali niliyokuwa nayo kwenye droo, yenye volti 9.2, ilishuka hadi 8.4 ikatulia hapo. Kisha nikaweka osiloskopu yangu ndogo ya mkononi, kifaa kinachochora volti kadiri muda unavyokwenda, kwenye waya za bunduki, nikavuta kifyatulio: kwa betri ya zinki, mstari unazama kama shimo kila solenoidi inapovuta, na chipu, ambayo inahitaji volti 5 zilizotulia, inajiona imezimwa na kuanza upya. Kwa betri ya alkali kuna bonde dogo tu.

Kijana akauliza swali zuri: "Mbona chipu ya zamani ilikubali betri hizihizi?" Nikairudisha chipu ya zamani na kupima. Jibu lilikuwa kwenye kioo cha osiloskopu. Chipu ya zamani ilikuwa inaipa solenoidi umeme kwa milisekunde 8. Mpya, kwa mpangilio ilioletwa nao, inaipa 14. Kapasita iliyoko kwenye bodi, kile kidude kinachohifadhi umeme kidogo, ilikuwa na akiba ya kutosha kuvuka milisekunde 8, lakini haikutosha kwa 14.

Nikaiandika namba hiyo kwenye daftari, 8 na 14, nikaendelea. Nilipaswa kusimama hapo.

Kwa betri ya alkali bunduki ikawa safi. Taa haikuzimika tena. Tulitoka uani nyuma ya kibanda, tukafunga mtungi, kijana akavaa kinga ya uso nami nikavaa yangu, akapiga ukuta wa matofali. Vipira vilipasuka kwa mlio mkali, rangi ikatapakaa. Alifurahi mno. "Fundi, umeona? Inapiga kuliko zamani! Si nilikwambia inaongeza nguvu?" Akaanza kufunga begi na kuniuliza anadaiwa shilingi ngapi.

Neno "kuliko zamani" ndilo lililonikwama. Kwa nini ipige zaidi ya zamani ikiwa hewa ni ileile na regyuleta hakuna aliyeigusa? Nikamwambia, "Mwanangu, iache hapa. Njoo kesho." Hakupenda, kwa sababu Jumapili ana wateja. Nikamwambia awakodishie zile tano. Aliondoka ameinamisha uso, na nilijisikia vibaya, lakini sikutaka kuitoa bunduki ambayo sijui kipira kinatoka kwa mwendo gani.

Viwanja vya mchezo huu duniani kwa kawaida havikubali kipira kuzidi futi 300 kwa sekunde, yaani mita 91, na viwanja vingi hukaa chini zaidi, kwenye futi 280, mita 85. Kinga za uso nazo zimetengenezwa kwa kuzingatia kiasi hicho. Kijana hakuwa na kifaa cha kupimia mwendo. Usiku ule nikatengeneza.

Ni bomba la plastiki la maji, lenye upana wa kupitisha kipira bila kukigusa. Nilitoboa jozi mbili za matundu zilizoachana sentimita 30 kamili, nikaweka taa za rimoti mbili za televisheni zilizokufa upande mmoja na vipokezi viwili upande wa pili. Kipira kikipita kinakata mwanga wa kwanza, kisha wa pili, na osiloskopu inaonyesha umbali wa muda kati ya mikato hiyo. Hesabu ni ya darasa la saba: gawa mita 0.30 kwa muda. Kipira cha mita 85 kwa sekunde kinachukua milisekunde 3.53. Cha mita 91 kinachukua 3.3. Niliandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya bomba lenyewe: CHINI YA 3.3, USITUMIE.

Jumapili asubuhi nilipiga vipira kumi kupitia bomba. Cha kwanza: 3.08. Cha pili: 3.05. Cha tatu: 3.04. Vyote vilicheza hapohapo. Ni mita 98 kwa sekunde. Nguvu ya kipira hupanda kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka mita 85 hadi 98 si tofauti ndogo: ni kutoka jouli 11 hadi zaidi ya 14, kwenye paji la uso la mwanafunzi wa sekondari aliyelipa kucheza.

Nikairudisha chipu ya zamani, nikapiga vingine kumi bila kugusa kitu kingine chochote. Vilitoka ovyo, kimoja mita 76, kingine 88, wastani kama 83.

Sasa kisa kizima kilifunguka. Milisekunde 8 zilikuwa chache mno kwa valvu ya bunduki hii. Ilikuwa haifunguki kikamilifu, kwa hiyo kila kipira kilipata hewa tofauti na vingine vilitoka vimelegea. Mtu fulani, kabla ya kijana huyu au yeye mwenyewe, aliona vinalegea, na dawa aliyoijua ikawa kukaza skrubu ya regyuleta. Shinikizo likapanda mpaka wastani ukaridhisha. Bunduki ikaishi hivyo, valvu inafunguka nusu na hewa imezidi, kasoro mbili zinazofichana. Chipu mpya ilipokuja na milisekunde 14, ilisahihisha kasoro moja peke yake. Valvu ikafunguka yote, na ile hewa iliyozidi ikatoka yote. Kijana aliposema chipu inaongeza nguvu, alichokisikia masikioni kilikuwa kweli. Nguvu ilikuwepo siku zote nyuma ya skrubu ya regyuleta, imezuiwa na muda.

Alipokuja mchana nilimpa bomba apige mwenyewe na kusoma mwenyewe. Alisoma 3.05, akaangalia maandishi juu ya bomba, akakaa kwenye benchi. "Na zile tano?" aliuliza. Hakuna swali lililonifurahisha zaidi ya hilo kwa siku zote nne.

Lakini kabla ya kuipanga upya, kulikuwa na jambo la mtungi. Alikuja na mtungi wa gesi ya kaboni dioksaidi, kwa kuwa ni rahisi kujazishwa. Gesi hii ndani ya mtungi huwa kimiminika na mvuke juu yake, na shinikizo lake linafuata joto: kwenye nyuzi 21 ni bar 59 hivi, kwenye nyuzi 31 linakaribia 74, na juu ya hapo hakuna tena kimiminika wala mvuke, ni kitu kimoja kizito ambacho shinikizo lake linapanda haraka kadiri mtungi ulivyojaa. Nyuzi 31 kwa Tanga mwezi wa pili ni saa nne asubuhi kivulini. Ukiuacha mtungi juani ni habari nyingine kabisa. Zaidi ya hapo, ukipiga harakaharaka gesi inapooza, kimiminika kinaweza kuingia hadi kwenye solenoidi na kugandisha oringi zake, yaani pete za mpira zinazozuia hewa isivuje. Kupanga milisekunde juu ya hewa inayobadilika hivyo ni kama kupima kitambaa kwa futi ya mpira.

Nikamwomba atafute hewa ya kawaida iliyoshindiliwa. Alikuwa na mtungi mmoja wa aina hiyo, mtupu, umelala stoo, na tarehe ya ukaguzi iliyogongwa kwenye shingo yake bado haijapitwa. Aliupeleka kwa watu wenye kompresa ya wazamiaji, wanaojaza hadi bar 200. Nilimsisitizia mara tatu, na hapa nasisitiza kwa yeyote anayesoma: mtungi wa kaboni dioksaidi usijazwe hewa ya wazamiaji hata siku moja. Huo umetengenezwa kwa bar 124 za kazi, na ukiushindilia 200 unabeba bomu. Na kwenye chuchu ya kujazia usipake mafuta wala grisi. Hewa ya shinikizo kubwa ikikutana na mafuta inaweza kuwaka ghafla.

Jumatatu tulipanga.

Mpangilio wa chipu hii unafanywa kwa kifyatulio chenyewe. Unakishikilia huku ukiwasha, taa inabadilika rangi, kila rangi ni kipengele, kisha unavuta mara nyingi kadiri ya thamani unayotaka. Nilianza na muda wa solenoidi. Nilivuta mara 11, osiloskopu ikaniambia 12. Nikarudia, nikahesabu kwa sauti, ikasema 13. Nilidhani nimechoka. Baadaye nikaelewa: vibati vya swichi vinapofunga huwa vinarukaruka kwa milisekunde kadhaa kabla ya kutulia, na chipu ina kipengele cha kusubiri utulivu huo. Thamani iliyoletwa nayo ilikuwa ndogo, ya wachezaji wanaotaka kasi, kwa hiyo mvuto wangu mmoja ulikuwa unahesabiwa mara mbili kila baada ya muda. Karatasi ya maelezo ilianza na muda wa solenoidi. Kwa swichi iliyochakaa ni bora uanze na utulivu wa swichi, maana kila namba nyingine utaiingiza kupitia swichi hiyohiyo.

Jaribio la utulivu halihitaji chombo. Shika bunduki kwa kulegea, vuta kifyatulio polepole mno, mpaka nukta ile swichi inapokaribia kufunga, ukae hapo. Kama inapiga mbili au tatu kwa mvuto mmoja, ongeza milisekunde moja, ujaribu tena. Nilianza na 4. Kwenye 9 ikaacha bila hewa. Tulipofunga mtungi ikaanza tena mojamoja, kwa sababu mshindo wa komeo unatikisa kidole na kifyatulio kinajirudia. Nikakaza springi ya kifyatulio kidogo na kupandisha hadi 12. Hapo ikawa mvuto mmoja, kipira kimoja, hata kijana alipojaribu kuidanganya.

Kisha muda wa solenoidi, safari hii kwa mpangilio. Niliurudisha kwenye 14 kwanza ili nijue valvu inafunguka yote, nikafungua skrubu ya regyuleta robo mzunguko kwa robo mzunguko, kila mara nikipiga vipira viwili vitatu vya kumaliza shinikizo la zamani kabla ya kusoma. Tulifika 3.53 baada ya mizunguko miwili na nusu. Hapo nikaiacha regyuleta na kuanza kupunguza muda. Kwenye 13, 12 na 11 mwendo haukubadilika. Kwenye 10 ulishuka kidogo sana. Kwenye 9 vipira vikaanza kutofautiana, kimoja 3.6 na kingine 3.9. Kwenye 8, thamani ya chipu ya zamani, kimoja kilidondoka mita chache tu mbele ya mtutu. Nikairudisha hadi 11. Ungeiacha kwenye 14 ingepiga sawasawa, ila kila milisekunde ya ziada ni umeme wa betri na hewa inayopotea bure.

Kipira cha kwanza baada ya bunduki kukaa dakika kumi kilikuwa kinatoka mita 78. Chipu hii ina kipengele cha kukiongezea kipira cha kwanza milisekunde moja au mbili, na kijana, ambaye sasa alikuwa ameshaisoma karatasi kuliko mimi, alitaka tukitumie mara moja. Nilikataa mpaka tufungue komeo. Oringi zilikuwa zimepakwa grisi ya bearingi za baiskeli, nzito, imeshakuwa gundi, na mpira umeanza kuvimba. Tukasafisha, tukabadilisha oringi mbili, tukapaka grisi nyepesi ya silikoni. Kipira cha kwanza kikapanda hadi 83 bila kugusa chipu. Ndipo nikaongeza milisekunde 1, kikafika 85. Ningeanza na chipu, ningeificha grisi mbovu kwa umeme, vilevile kama yule aliyeuficha muda mfupi kwa hewa.

Tulibishana jambo moja tu kwa dhati. Chipu inaweza kupiga vipira 20 kwa sekunde, na ina hali ambayo ukivuta haraka kiasi fulani inaongeza vipira yenyewe. Kijana alitaka hali hiyo. Alisema wateja wa maofisini watapenda.

Nilimwonyesha hopa yake, chombo cha juu kinachobeba vipira. Ni ya kawaida, kama ya mashine ya kusaga, vipira vinashuka kwa uzito wao tu. Hopa ya namna hiyo haishushi zaidi ya vipira sita hadi nane kwa sekunde, na macho yakiwa yamewashwa chipu inasubiri kipira kikae. Ukiyazima macho ili usisubiri, komeo litakikuta kipira nusu njiani na kukikata, na utatumia mchana kuosha rangi ndani ya mtutu. Kwa hiyo 20 hazipo. Halafu nikamfanyia hesabu: hopa inabeba vipira kama 200, kwa kasi ya 15 kwa sekunde inaisha kwa sekunde 13. Katoni ni vipira 2,000. "Nani atalipa?" Alicheka, lakini nilimwona bado anapima.

Basi nikamwambia jambo lililokuwa moyoni. Bunduki za kukodi hazina mwenyewe uwanjani. Anayeishika leo hajawahi kuishika, hajui kwamba kidole kikibaki pale vipira vinaendelea, na aliye mbele yake anaweza kuwa mtoto wa dada yako aliyeteleza na kinga ya uso imepanda. Mchezaji wa ligi anajua anachokifanya na ana refa anayejua pia. Kwetu refa ni wewe peke yako, na Jumapili uko jikoni unakaanga mihogo. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, mjomba. Funga." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mjomba badala ya fundi.

Nikaweka hali ya mvuto mmoja kipira kimoja, kikomo cha 8 kwa sekunde, nikaondoa jampa, kile kipande kidogo kinachounganisha pini mbili za bodi, ya kufungulia mipangilio. Bila kufungua kishikio na kuirudisha jampa hiyo, hakuna anayeweza kubadilisha kitu kwa kucheza na kifyatulio. Jampa yenyewe nilimpa kwenye kibahasha.

Bodi nilipoitazama kwa lenzi ilikuwa na kutu ya kijani kwenye viungo vitatu, zawadi ya upepo wa bahari. Niliisafisha kwa spiriti na mswaki, nikapiga solda upya kiungo kimoja kilichokuwa kimelika, na ilipokauka nikaipaka rangi ya kucha isiyo na rangi, nyembamba, nikikwepa soketi, swichi na macho.

Jumanne jioni alikuja kuichukua. Tulipiga tena vipira kumi, mtungi ukiwa umejaa, na kumi vingine ulipobaki robo. Vyote ishirini vilikuwa kati ya 3.47 na 3.58. Ndani ya kifuniko cha kishikio nilibandika karatasi yenye mambo manne: utulivu 12, muda 11, kipira cha kwanza +1, betri ya alkali tu.

Bomba alitaka kulinunua. Nilimwazima. Aliyaleta majibu ya zile tano Ijumaa, ameyaandika nyuma ya kadi ya mwaliko wa harusi: tatu ziko kati ya mita 82 na 87, moja inaruka ovyo kama hii ilivyokuwa, na moja inatoa mita 94 kwa chipu yake ya zamani. Hiyo ya 94 ameshaitoa uwanjani. Iko kwenye rafu yangu sasa, na skrubu ya regyuleta yake ina alama za bisibisi za miaka mingi.